Metali Laivu: Rekodi Kutoka Moscow Hadi Aston

Wakutanishe wapenzi wa metali watatu, uwaulize ni bendi gani yenye sauti kubwa kuliko zote, na mtakesha. Kitabu cha rekodi cha Guinness kilijaribu kuamua ugomvi huo. Mwaka 1972 kiliitaja Deep Purple, baada ya desibeli 117 kupimwa katika ukumbi wa Rainbow, London, kwenye onyesho ambalo watu watatu walizimia. The Who wakaipiku mwaka 1976 kwa desibeli 126, na mwaka 1984 taji likaenda kwa Manowar wa Marekani, ambao ni metali hasa. Baadaye Guinness wakaacha kuipokea rekodi hiyo, wasije wakawachochea watu kujiharibia masikio. Naunga mkono. Kila desibeli kumi zinapoongezeka, nguvu ya sauti huzidi mara kumi, kwa hiyo kutoka 117 hadi 126 ni karibu mara nane. Mimi nikienda kwenye shoo huvaa vizibo vya masikio na kusimama karibu na fundi wa sauti. Pale anaposikiliza yeye ndipo muziki unapokaa sawa: gitaa unalisikia kila uzi, na besi unaipokea kwenye mbavu.

Kwa urefu wa onyesho, Manowar tena: saa tano na dakika moja, Kavarna, Bulgaria, mwaka 2008. Kwa ufupi wa wimbo, Napalm Death wa Uingereza, ambao "You Suffer" yao ya 1987 ina sekunde 1.316.

Kwa umati, sioni pa kulinganisha na uwanja wa ndege wa Tushino, Moscow, tarehe 28 Septemba 1991. Jaribio la kumpindua Rais Gorbachev lilikuwa limeshindwa mwezi uliotangulia, na Umoja wa Kisovieti wenyewe ulikuwa umebakiza miezi mitatu. Kiingilio kilikuwa bure. Walipiga AC/DC, Metallica, Pantera na The Black Crowes, na kwa kuwa hapakuwa na tiketi, hakuna aliyehesabu vichwa. Makadirio ya chini yanasema nusu milioni, ya juu yanafika milioni moja na laki sita. Mimi nachukua ile ya chini na bado nashindwa kuiona yote akilini. Kwa miaka mingi vijana wa kule walikuwa wakinakili muziki wa roki kaseti kwa kaseti, mkono kwa mkono, kila nakala ikififia kuliko iliyoizaa. Siku hiyo wakapata sauti yenyewe, ingawa si wote kwa wakati mmoja. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Aliyesimama nusu kilomita nyuma, kama macho yake yalimfikisha jukwaani, alimwona Lars Ulrich, mpiga ngoma wa Metallica, akishusha mikono na pigo la ngoma likamfikia sekunde moja na nusu baadaye.

Umati mwingine wa kutisha ulikuwa Rio de Janeiro, tarehe 11 Januari 1985, Iron Maiden walipopanda jukwaani kabla ya Queen. Mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja. Sichoki kulikumbuka hilo kila ninapoona picha za usiku ule.

Ila rekodi ninayoipenda kuliko zote ni ya watu wachache. Tarehe 8 Desemba 2013 Metallica walipiga Antaktika, kwenye kituo cha utafiti cha Argentina kiitwacho Carlini, mbele ya watu wapatao 120, wakiwemo wanasayansi na washindi wa shindano. Wakawa wanamuziki wa kwanza kupiga katika mabara yote saba, tena ndani ya mwaka mmoja. Afrika walikuwa wameshapita Aprili, Cape Town na Johannesburg. Sasa tazama walivyopiga. Ili wasiyasumbue mazingira ya kule, hapakuwa na spika za kuwarushia watu muziki. Bendi na wasikilizaji walikaa ndani ya kuba moja, na sauti ya magitaa ikaenda moja kwa moja kwenye hedifoni za kila mmoja. Ungezivua, ungebaki na ngoma kavu na watu wanaoimba. Bendi iliyojaza Tushino ilikubali kunyamazishwa ili ifike pale. Ndiyo maana nawaheshimu.

Waliokwenda chini kabisa kwa upande wa metali ni Agonizer wa Finland, waliopiga ndani ya mgodi wa Pyhäsalmi mwaka 2007, mita 1,271 chini. Na bendi ya kwanza ya metali kupiga kwenye ufunguzi wa Olimpiki ni Gojira, wakiwa wamesimama kwenye madirisha ya jengo la Conciergerie, Paris, Julai 2024.

Shoo ndogo kuliko zote niliyohudhuria mimi ilikuwa Nairobi, ghorofani, watu hatufiki arobaini. Uzi wa gitaa ulikatika katikati ya wimbo. Mpiga ngoma hakuacha. Aliendelea peke yake huku jamaa wawili wakimmulikia mwenzake kwa simu akifunga uzi mpya, na gitaa liliporudi tulipiga kelele kama watu elfu. Ni Nairobi hii iliyowatoa bendi ya Duma, ambao albamu yao ilitolewa Kampala na lebo ya Nyege Nyege Tapes mwaka 2020.

Ya mwisho haimo kwenye kitabu chochote: bendi iliyofunga kazi karibu zaidi na ilipozaliwa. Tarehe 5 Julai 2025 tulikuwa sita mbele ya laptopu moja, bando tumechanga, tukiwangoja Black Sabbath kutoka uwanja wa Villa Park, Birmingham. Matangazo yalicheleweshwa saa mbili, hivyo kwetu ilikuwa usiku wa manane. Wote wanne wa mwanzo walikuwepo, mara ya kwanza tangu 2005. Mpiga gitaa Tony Iommi alikuwa na vifuniko vyake vya vidole. Akiwa na miaka 17 mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili, akajitengenezea vya plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize. Uzito wa metali ulitoka kwenye nyuzi zile zilizolegea. Mwimbaji Ozzy Osbourne, mgonjwa wa Parkinson, aliimba ameketi kwenye kiti cheusi cha enzi, akiukaza mwili kama anayetaka kuinuka. Sabbath walipiga nyimbo nne, basi. Siku 17 baadaye Ozzy alifariki.

Alikulia Aston, mitaa michache tu kutoka Villa Park. Siku za mechi, akiwa mtoto, alikuwa akiwalindia mashabiki wa mpira magari yao kwa sarafu kidogo. Usiku ule watu zaidi ya 40,000 walipita Aston hiyohiyo kwenda kumwona yeye.