Gari la kasi kutoka nchi ya barafu: nafuu au hasara?

MAVUNO ya alizeti yanapoingia sokoni mkoani Singida, wapo wafanyabiashara wanaogeuza sehemu ya faida yao kuwa gari. Baadhi yao hawatafuti pikapu ya kubebea magunia, bali gari dogo lenye nguvu la kuwafikisha Dodoma asubuhi na kuwarudisha jioni. Miongoni mwa yanayotamaniwa ni Subaru Impreza yenye tabo, gari lililojijengea jina Afrika Mashariki kwa kushinda Safari Rally mwaka 1997 na mwaka 2000.

Magari hayo huagizwa Japani yakiwa yameshatumika. Hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kuuliza swali ambalo halionekani kwenye picha: gari limeishi wapi?

Japani ni nchi ndefu. Kusini kuna joto, lakini kisiwa cha Hokkaido, kaskazini, hufunikwa na theluji kwa miezi kadhaa kila mwaka. Katika mji wa Asahikawa kisiwani humo, Januari 25, 1902, kipimo kilishuka hadi nyuzi 41 chini ya sifuri. Mkazi wa Singida, ambaye hujifunika blanketi mbili kwa upepo wa Juni na Julai, hajawahi kuona baridi ya namna hiyo. Hata hivyo gari analolinunua huenda limeiona.

Baridi inavyofanya kazi

Kwa injini yenye tabo, hewa baridi yenyewe si adui. Hewa ya nyuzi 0 ni nzito kuliko ya nyuzi 30 kwa kiasi cha asilimia 10, hivyo injini huvuta oksijeni zaidi na kutoa nguvu zaidi. Taabu iko katika kuwasha. Oili huwa nzito kama asali na huchelewa kufika juu ya injini na kwenye tabo, ambayo mhimili wake huzunguka kwa kasi kubwa mno na hutegemea oili kwa uhai wake. Petroli nyingi humwagwa ndani ili injini ishike moto, na sehemu yake huosha oili kwenye kuta za silinda. Gari linalowashwa hivyo kila asubuhi kwa safari fupi huchakaa kuliko kilomita zake zinavyoonyesha.

Betri nayo hupungukiwa. Katika nyuzi 18 chini ya sifuri, betri ya kawaida ya asidi hubakiwa na takriban nusu tu ya nguvu zake za kuwasha. Ndiyo maana magari mengi ya Hokkaido hutengenezwa kwa mpangilio maalumu wa nchi za baridi, yakiwa na betri kubwa na stata yenye nguvu zaidi. Hiyo ni faida kwa mnunuzi, ingawa Singida kinachoua betri ni joto zaidi kuliko baridi.

Chumvi ndiyo hasara

Hasara kubwa haimo ndani ya injini, imo chini ya gari. Mwaka 1990 Japani ilipitisha sheria ya kuzuia matairi yenye misumari, kwa sababu yalikuwa yakichimba lami na kutoa vumbi lililodhuru watu. Barabara ziliteleza zaidi, na matumizi ya chumvi ya kuyeyushia barafu yakaongezeka. Maji hayo ya chumvi hurukia chesisi, mabomba ya breki, ekzosi na vishikizo vya springi.

Mtu wa Singida haihitaji maelezo marefu juu ya jambo hili. Maziwa Singidani na Kindai, yaliyo mjini kwake, ni ya magadi na chumvi, naye anajua bati au waya ulioachwa kandokando yake huishia vipi. Gari la Hokkaido hukaa katika hali kama hiyo majira ya baridi baada ya majira ya baridi. Rangi ya juu inaweza kung'aa kama mpya huku bomba la breki limebaki jembamba kama karatasi. Dereva huligundua anapokanyaga breki kwenye mteremko wa Sekenke.

Hesabu ya mfanyabiashara

Gari lenye kutu huuzwa kwa bei ndogo mnadani, na hapo ndipo mtego ulipo. Mamlaka ya Mapato (TRA) hukadiria thamani ya gari lililotumika kwa kuangalia aina, mwaka wa kutengenezwa na ujazo wa injini. Kutu haimo katika hesabu hiyo. Nauli ya meli nayo haipungui kwa sababu chesisi imeliwa.

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, gari lenye kutu limepatikana kwa nafuu ya shilingi 1,500,000. Kodi na nauli zikiwa zilezile, nafuu yote ni hiyo. Likifika, mabomba ya breki, ekzosi, bushi na uchomeleaji wa chesisi vikigharimu shilingi 2,400,000, mnunuzi ameshapoteza 900,000, bado siku ambazo gari lilikaa gereji. Atakapotaka kuliuza, mnunuzi wa pili ataliingiza kwenye shimo kwanza, na bei itashuka tena.

Namna ya kujikinga

Karatasi ya ukaguzi wa mnada huonyesha kasoro kwa herufi. S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula bati. Mnunuzi adai karatasi hiyo, na picha za chini ya gari, kabla ya kutuma fedha. Aidha, cheti cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje huonyesha namba ya mwisho pamoja na jina la mahali. Akiona Sapporo, Asahikawa, Hakodate au Kushiro, ajue gari limetoka kwenye theluji.

Gari likishafika, mambo matatu yasisubiri. Kwanza, oili na mkanda wa taimingi vibadilishwe, kwani historia yake haijulikani. Pili, matairi ya theluji, yenye mpira laini na mikato midogo mingi, yaondolewe; kwenye lami ya moto huisha upesi na hayashiki vizuri wakati wa breki. Tatu, kulanti isimwagwe na kujazwa maji ya bomba. Wengi huitupa wakiamini ni ya barafu tu, kumbe huzuia kutu ndani ya rejeta na kuchelewesha maji kuchemka. Singida iko juu ya bahari kwa mita 1,500 hivi, na maji matupu yasiyo na mgandamizo huchemka huko kwenye nyuzi 95.

Si kila gari la Hokkaido ni bovu. Yapo yaliyopakwa dawa ya kuzuia kutu chini na kuoshwa kila wiki, na wenye nayo hupata bei nzuri. Tofauti kati ya hayo na mengine haionekani kwenye rangi wala kwenye kilomita. Inaonekana chini ya gari, na gharama ya kuitazama ni ndogo kuliko bomba moja la breki.