Je, Wajua? Ngozi Hulijua Shairi Kabla ya Sikio

Je, wajua kwamba utamu wa shairi hupimwa kwa vinyweleo? Mwaka 2017 watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Frankfurt, Ujerumani, waliwasikilizisha watu mashairi huku kamera ndogo ikikodolea ngozi zao. Vinyweleo vilisimama zaidi mwishoni: mwisho wa mshororo, mwisho wa ubeti, mwisho wa shairi zima. La ajabu zaidi, ubongo ulianza kuchangamka sekunde chache kabla ya msisimko wenyewe kufika. Mtu alikuwa anafurahia neno ambalo bado halijatamkwa. Malenga wetu hawakuwa na kamera, lakini waliweka kina mwishoni na wakafunga ubeti kwa kibwagizo.

Je, wajua kwamba Charles Darwin aliandika kitabu kizima kuhusu hisia, mwaka 1872? Alidai kusisimka kwetu ni urithi wa wanyama wenye manyoya, ambao manyoya huwasimama kwa hofu au hasira. Na alipotaka ushahidi wa jinsi binadamu anavyokasirika, hakusita kumwita mshairi: Shakespeare amenukuliwa humo.

Je, wajua kwamba Morogoro kuna shule ambayo somo lake la kwanza ni kungoja? Wanafunzi ni panya buku wa shirika la APOPO, wanaofundishwa katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Kabla hawajanusa chochote, husikilizishwa kidude kinacholia “ka!” na papo hapo wakapewa kitu kitamu, ndizi kwa mfano. Mlio, chakula. Mlio, chakula. Baadaye mlio peke yake unatosha kumwambia panya kwamba amepatia. Magawa, panya aliyezaliwa hapo mwaka 2013, alianzia kwenye mlio huo akaishia kupewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020, kwa mabomu aliyoyafichua Kambodia.

Kinachotokea ndani ya kichwa cha anayengoja kilielezwa na Wolfram Schultz, mwanasayansi aliyefanya majaribio yake kwa kima huko Uswisi. Aliwapa tone la maji ya matunda na kusikiliza chembe za ubongo zinazotoa dopamini. Mwanzoni chembe zilichangamka tone lilipofika. Kima alipozoea kwamba ishara fulani hutangulia tone, chembe zikahamia kwenye ishara, na tone lenyewe likawa jambo la kawaida. Tone likinyimwa wakati lilipotarajiwa, zilinyamaza ghafla, chini hata ya hali yao ya kila siku.

Sasa mfikirie msikilizaji wa shairi la Kiswahili. Mshororo wa kwanza umempa kina, wa pili umekirudia, na wa tatu anaungoja akiwa ameshakaa mkao wa kula. Mtunzi akiteleza, kina kikakosekana, ukumbi mzima hukunja uso, na shairi huitwa guni hata na asiyewahi kufundishwa kanuni. (Simlinganishi msikilizaji na panya kwa dharau. Magawa alipata medali, msikilizaji hajapata.) Mimi naona hata ule ugomvi mkali uliozuka Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina, haukuwa wa kanuni tu. Watu waliahidiwa tone, halikuja. Waliompenda Kezilahabi nao walijifunza kungojea kitu kingine: picha, au wazo linalogeuka ghafla.

Je, wajua kwamba Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha kanuni za utunzi cha mwaka 1954, alishikilia kuwa shairi lazima liimbike? Tulidhani ni ukali wa mwalimu. Mwaka 2004 watafiti wa Ulaya walipima watu waliokuwa wakighani mishororo mirefu ya Homer kwa Kijerumani, wakakuta pumzi zimepungua kasi na mapigo ya moyo yanapanda na kushuka kwa kuzifuata. Shairi letu la mizani 16 hukatwa katikati, ukwapi mizani 8 na utao mizani 8, na kila mkato ni ruhusa ya kuvuta hewa. Anayebisha aghani utenzi huku akipanda kutoka mjini Morogoro kwenda Morningside. Atajua mizani 8 ni mingi kiasi gani.

Je, wajua kwamba msibani Uluguru kicheko kina mwenyewe? Ni mtani. Mwanaanthropolojia James Christensen aliandika kuhusu utani wa Waluguru mwaka 1963, pamoja na haki na wajibu unaoambatana nao. Mtani huja na mizaha ambayo mwingine akiitamka atafukuzwa, na anaweza hata kusimamisha shughuli mpaka apozwe kwa chochote. Waliofiwa hucheka bila kutaka. Robin Dunbar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba watu waliotoka kucheka pamoja huvumilia maumivu zaidi. Kipimo kimojawapo kilikuwa mfuko uliogandishwa wa kupoozea chupa za mvinyo, uliovikwa mkononi. Mtani wa Kiluguru angeugeuza mfuko huo mzaha wa wiki nzima.

Je, wajua kwamba kuitaja hisia kwa jina huipunguza makali? Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira au hofu. Walipochagua neno la kuitaja hisia hiyo, amigdala yao, sehemu ya ubongo inayopiga king'ora cha hatari, ilitulia. Pengine ndiyo sababu Shaaban Robert, alipofiwa na mkewe Amina, alikaa akamtungia shairi.

Je, wajua kwamba kuna ndege aishiye milima ya Uluguru peke yake duniani? Anaitwa kitaalamu Malaconotus alius, hukaa juu kwenye vilele vya miti, na wanaomtafuta humsikia mara nyingi kuliko kumwona. Watafiti wa King's College London waliripoti mwaka 2022 kwamba kuona au kusikia ndege huinua hali ya moyo hadi kwa saa 8.

Je, wajua kwamba muziki wa huzuni hauleti huzuni tu? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014, uliowahoji watu 772, ulikuta hisia inayotajwa mno ni kukumbuka ya zamani kwa hamu. Morogoro wanaijua: Salum Abdallah wa Cuban Marimba alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, Mbaraka Mwinshehe, aliyeng'ara na Morogoro Jazz kisha Super Volcano, naye kwa ajali ya gari mwaka 1979, na nyimbo zao bado hupigwa. Waliohojiwa walitoka nchi za Mashariki na za Magharibi. Morogoro, mji kasoro bahari, haukuulizwa, na pengine ni heri. Watafiti wangeuliza habari za huzuni, wakaletewa ubishi wa Salum na Mbaraka, nani zaidi.