Ujira wa Mhadhiri katika Matamasha ya Sayansi

Tangu mji wa Edinburgh ulipoanzisha tamasha lake la sayansi mwaka 1989, na Cheltenham ukafuata mwaka 2002, imestawi huko Uingereza ada njema ya kuwakusanya watu wa kila hirimu, wazee na watoto, mafundi na makarani, wapate kusikiliza habari za nyota, za maradhi na za bahari kutoka vinywani mwa wale wale wanaozitafiti. Katika mikusanyiko ya namna hii mwenye mahema hulipwa kodi yake, fundi wa vipaza sauti hupewa ujira wake, na msikilizaji mara nyingi hununua tiketi. Lakini mhadhiri, ambaye hadhara yote imekuja kwa ajili yake, si mara chache huambiwa kwamba malipo yake ni kujulikana.

Mambo hayakuanza hivyo. Taasisi ya Kifalme ya London, iliyoasisiwa mwaka 1799, ilimwajiri kwa mshahara mwaka 1801 Humphry Davy, kijana wa miaka 22, mwana wa mchonga mbao kutoka Penzance, na mihadhara yake ikaufurisha ukumbi. Miongoni mwa waliomsikiliza mwaka 1812 alikuwamo Michael Faraday, mwanagenzi wa kujalidi vitabu, aliyepewa tiketi na mteja wa duka alimofanya kazi; naye akaja kuwa mhadhiri mashuhuri wa taasisi ile ile, hata mwaka 1833 tajiri John Fuller akaweka fedha za kudumisha kiti cha ualimu wa kemia kwa ajili yake. Lau jukwaa lile lingalikuwa la watu wenye mali tu, wawezao kusema bila ya kulipwa, wana hawa wa mafukara wasingalipata pa kusimama.

Wako wasemao kwamba mtaalamu hupata mshahara wa chuo chake, na kwamba kuufahamisha umma ni dhima yake. Hoja hiyo ina haki kwa profesa mwenye ajira ya kudumu, ila haimhusu mtafiti wa mkataba wa muda mfupi, wala mwanafunzi wa uzamivu, wala mwandishi wa sayansi asiye na mwajiri, ambao siku waliyoitoa kwa tamasha ni siku waliyoipoteza katika riziki yao. Hao wakishindwa kuja, hubaki wenye wasaa peke yao, na umma ukadhani kwamba ilimu ni mali ya tabaka moja.

Basi malipo ya insafu ni yapi? Kwanza, yahesabu maandalizi, maana saa moja ya jukwaani huwa na siku kadhaa za kazi nyuma yake. Pili, nauli, malazi na masurufu mengine, pamoja na gharama ya mlezi kwa mwenye mtoto mchanga, yatolewe kabla ya safari, asije mgeni akalikopesha tamasha fedha zake mwenyewe. Tatu, wafanyao kazi sawa wapewe sawa, na kiwango kitajwe katika barua ya kwanza ya mwaliko, ili asiyekuwa na ujasiri wa kudai asipunjwe. Mwenye mshahara wa kumtosha ana hiari ya kusamehe haki yake, lakini hiari hiyo ni yake, si ya mwalikaji.

Ni kweli kwamba yako matamasha madogo, ya maktaba na ya shule, yasiyotoza kiingilio wala kuwa na mfadhili. Hayo na yaseme wazi kwamba yanaomba hisani, na hapana atakayeyalaumu. Bali tamasha liuzalo tiketi halina udhuru. Mwaka 2016 mwandishi Philip Pullman aliacha ulezi wa tamasha la fasihi la Oxford kwa sababu waandishi hawakulipwa, na suala hilo likajadiliwa hadharani. Maprofesa wenye majina makubwa wana uwezo kama huo: kabla ya kukubali mwaliko, na waulize kama wenzao wachanga watakaopanda jukwaa lile wamelipwa, na wakijibiwa la, wakatae.