Njia Ipi ya Kupanga Uzazi Yafaa?

Watu wengi huuliza ni njia ipi iliyo bora kupita zote. Swali hilo halina jibu moja, kwani impasayo huyu yaweza kumdhuru yule.

Vidonge humezwa kila siku. Katika wanawake 100 wanaovitumia, takriban 7 hushika mimba mwaka wa kwanza, mara nyingi kwa kusahau kuvimeza. Sindano huchomwa kila miezi 3. Kijiti hutiwa chini ya ngozi ya mkono kwa miaka 3 hadi 5. Kitanzi cha shaba hukaa ndani ya tumbo la uzazi hata miaka 10. Hivi viwili havihitaji kukumbukwa, na wanaoshika mimba hawafiki 1 katika 100. Kwa kondomu hufika 13, lakini ndiyo pekee ikingayo UKIMWI pia.

Basi mwenye kuchagua ajiulize: Nataka mtoto baada ya muda gani? Je, nitakumbuka? Nina shinikizo la juu la damu? Mwenye ugonjwa huo hafai kumeza vidonge vyenye estrojeni. Kwa hiyo yampasa kupimwa kwanza zahanati, wala asiazime vidonge vya jirani.