Deni Hufika Maradufu kwa Muda Gani?

Katika Surat Aal Imran, aya ya 130, Mwenyezi Mungu (s.w.) amewakataza waumini kula riba yenye kuzidishwa maradufu. Wapo wanaoishika aya hii wakadai kwamba kilichoharamishwa ni riba kubwa tu, ama ile ndogo haina ubaya. Wanachuoni wameshawajibu: "maradufu" ni kueleza hali ilivyokuwa zama za Jahiliyya, pale deni lilipofika muda wake mdaiwa akaongezewa muda kwa kuongezewa deni. Si sharti la hukumu, na Suratul Baqara, aya ya 275 hadi 279, imeharamisha riba bila ya kubagua. Hapa tunalitazama dai hilo kwa upande wa hesabu, maana hata huko halisimami.

Tuchukue mtu aliyekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na riba isiyolipwa huingizwa kwenye deni nayo ikazaa. Mwezi wa kwanza deni ni 110,000. Wa pili si 120,000 bali ni 121,000. Kila mwezi tunazidisha kwa 1.1. Suali ni hili: tuzidishe mara ngapi hata deni lifike 200,000?

Kinachotafutwa ni kipeo, nacho hupatikana kwa logarithimu. (Wanafunzi wasilichanganye neno hili na algorithimu, lililotokana na jina la Al-Khawarizmi. Logarithimu limeundwa kwa Kigiriki na John Napier wa Scotland, aliyetoa majedwali yake mwaka 1614.) Logarithimu ya namba ni kipeo cha 10 kinachotupa namba hiyo, na faida yake ni kwamba kuzidisha hugeuka kujumlisha. Ya 1.1 ni 0.0414, nayo huongezeka mara moja kila mwezi. Ya 2 ni 0.3010. Gawa 0.3010 kwa 0.0414, utapata miezi 7.27. Ukitaka kuhakikisha, mwisho wa mwezi wa saba deni ni 194,872, na wa nane ni 214,359.

Suali lenyewe ni la kale. Katika makumbusho ya Louvre, Paris, kipo kibao cha udongo cha Babeli kinachouliza hivi hivi kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka. Wao walihesabu mwaka kwa mwaka, kisha wakakadiria sehemu iliyobaki: miaka 3.79. Logarithimu hutoa 3.80.

Sasa tumrudie mtetezi wa riba ndogo. Kwa asilimia 5 kwa mwaka, gawa 0.3010 kwa 0.0212: miaka 14 na kidogo. Kwa asilimia 1, karibu miaka 70. Hata riba isiyozaliana, ikiwa ni asilimia 5, hufika huko kwa miaka 20. Zote zafika maradufu, zinatofautiana muda tu. Basi huo mpaka wa ndogo na kubwa atauweka mwaka wa ngapi?

Ama mdai aliyetubu, aya ya 279 imemwachia rasilimali yake, na ya 280 imemtaka ampe muhula mdaiwa mwenye dhiki, muhula usioongeza kitu juu ya ile 100,000.

Wallahu Aalam.