Mbolea na lishe ya kuku zageuka 'maji' ya ajabu

CHUKUA yurea, ile mbolea nyeupe ambayo wakulima hutia kwenye mahindi. Chukua pia kolini kloridi, chumvi ambayo viwanda huchanganya katika chakula cha kuku. Zote mbili ni kavu. Yurea peke yake haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 133 za Selsiasi, na mwenzake hutaka nyuzi 302.

Lakini zichanganye, molekuli mbili za yurea kwa moja ya kolini kloridi, kisha uzipashe moto huku ukikoroga. Muda si muda unga wote hugeuka kiowevu kizito, kiangavu kama kioo. Kikipoa hakirudi kuwa unga! Husalia hivyo hivyo hadi baridi ifike nyuzi 12.

Maajabu hayo yalitangazwa mwaka wa 2003 na Andrew Abbott na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza. Siri yake ni kwamba yurea huing'ang'ania kloridi iliyo katika ile chumvi, na kila moja ikashindwa kujipanga upya kuwa chembechembe ngumu.

Msomaji atauliza, haya yana faida gani?

Wanaotafuta dawa au rangi katika mimea huhitaji kiyeyushi cha kuitoa. Kwa miaka mingi wametumia methanoli, ile sumu ambayo wauza pombe haramu wasio na utu huitia katika chang'aa na kuwapofusha wanywaji. Methanoli hushika moto upesi, na mvuke wake si wa kuvutwa. Viowevu hivi vipya havitoi mvuke wa kutajika.

Katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, watafiti walienda mbali zaidi. Waliacha yurea wakatumia vitu vilivyomo ndani ya mimea yenyewe, kama vile sukari na asidi ya tufaha na matunda mengine. Mwaka wa 2013 walieleza jinsi walivyotoa rangi kwa njia hiyo katika maua ya kartamu, mmea wa jamii moja na alizeti.

Tatizo huanza hapo. Methanoli ukiichemsha huondoka na kukuachia dawa yako. Kiowevu hiki hakiondoki. Isitoshe, ni kizito kama asali, na kukichuja ni kazi. Ukikitia maji kidogo hulegea, lakini ukizidisha, vile vifungo hukatika na kubaki maji matupu yenye sukari.

Wengine huipitisha dawa katika chembe za plastiki zinazoinasa. Wengine huiacha humo humo, hasa ikiwa ni ya kutiwa katika mafuta ya kujipaka, mradi viungo vyote ni salama kwa ngozi. Kwa kiowevu cha yurea njia hiyo haifai kwa kitu cha kunywa, kwa hivyo sufuria ya nyumbani isiguswe.

Viwandani, mwenye kiwanda huuliza swali moja tu: kuitoa dawa humo kutagharimu pesa ngapi?