Jani la Mkungu Haliozi Ovyo

Hapo zamani za kale, yaani juma lililopita, palikuwa na jani la mkungu. Nyinyi wa pwani mnaujua mti huo: matawi yake hukaa ghorofa juu ya ghorofa, chini yake wazee wanacheza bao, na watoto wanapasua kokwa za kungu kwa jiwe ili wale kiini. Jani letu lilikuwa juu kabisa, pana, la kijani kibichi. Asubuhi moja likaanza kuwa jekundu. Majani jirani yakanong'ona: mwenzetu anaumwa.

Wala halikuwa linaumwa. Mti ulikuwa unahama. Jani likizeeka, mti hauliachi hivi hivi. Hufanya kama mpangaji bahili anayehama nyumba, anayefungua balbu, akashusha mapazia, akang'oa hata misumari ukutani. Huvunjavunja klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua. Sehemu kubwa ya naitrojeni na fosforasi iliyomo ndani ya jani hurudishwa shinani itumike tena. Kijani kikiondoka, unaona manjano ambayo ilikuwa humo humo siku zote, imefichwa tu. Wekundu una habari yake: huo hutengenezwa upya, mwisho mwisho wa maisha ya jani. Kisha pale kwenye kikonyo hujengeka utando mwembamba wa seli. Upepo ukipita, jani hilo chini.

Chini kuna wenye njaa. Wa kwanza ni bakteria na kuvu, ambao wengi huwezi kuwaona kwa macho. Wanaanza na sukari na sehemu laini. Jongoo naye anafika, mchwa wanafika, kila mmoja anakata chake. Wengi wao hula laini kwanza na kuacha gumu. Mishipa ya jani ina kitu kinachoitwa lignini, ndicho hicho kinachoifanya mbao iwe mbao, na ni kuvu wachache tu wanaokiweza sawasawa. Kwa hiyo ukiokota jani lililokaa muda mrefu kwenye unyevu, ukaliinua juani, unaona wavu: mshipa mkubwa katikati, midogo imetoka ubavuni, na kati yake vijishipa vyembamba kuliko uzi wa cherehani, vimeshikana vyumba vyumba. Hakuna fundi aliyeushona. Ulikuwamo ndani tangu jani lilipokuwa bichi.

Hapo sasa ndipo msanii anapoingia. Kazi yake ni kuamua kuoza kusimame wapi.

Picha nyingi za majani zinazobandikwa madarasani hazipendezi, na sababu ni moja: jani limegundishwa bichi. Siku chache baadaye limejikunja na kung'oa karatasi. Okota majani ya umri tofauti: la manjano, jekundu lenye madoa, la kahawia lililotobolewa, na lile lililobaki nusu. Yabane ndani ya magazeti, weka kitu kizito juu, badilisha gazeti likipata unyevu, mpaka yakauke kabisa. Ila mnyaa usiuguse. Utomvu wake huunguza ngozi na macho.

Ukitaka wavu usiusubiri shambani, tafuta jani gumu lenye mishipa minene, ulizamishe kwenye ndoo ya maji kwa wiki kadhaa. Maji yatanuka. Vumilia, wanaokufanyia kazi wako humo ndani. Nyama ya jani ikilegea, lilaze kwenye sahani yenye maji safi, ulisugue taratibu kwa mswaki mkuukuu. Njia ya mkato ni magadi, haya haya ya kuivishia maharage, yatokayo kwenye maziwa kama Magadi la Kenya. Jani huchemshwa nayo mpaka lilainike. Kazi hii ya motoni aifanye mtu mzima, na asitumie sufuria ya alumini, kwa maana magadi huila.

Bado hatujapata wino, na hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Chemsha majani makavu ya mkungu hadi maji yawe kahawia iliyokolea. Humo mna tanini, ile ile inayofanya chai ikaushe ulimi. Pembeni, loweka misumari yenye kutu ndani ya siki kwa siku kadhaa. Usiikaze chupa kifuniko, kwani hutoa gesi. Paka maji ya mkungu kwenye karatasi, yaache yakauke, halafu chovya brashi kwenye ile siki uchore. Mstari unatokea wa kijivu hafifu, kisha, mbele ya macho yako, unakolea mpaka unakuwa mweusi.

Wabamana wa Mali wanaijua siri hii siku nyingi. Nguo yao iitwayo bogolanfini huchovywa kwanza katika maji ya majani ya mti waitao n'gallama, ikawa ya manjano. Kisha huchorwa kwa tope la mtoni lililovundikwa mtungini kwa miezi, pengine mwaka mzima. Chuma kilichomo ndani ya tope kinakutana na tanini ya majani, weusi unashika. Tope huoshwa, mchoro unabaki.

Kuiunganisha picha ni kazi nyepesi. Kata boksi gumu, pika uji mzito wa unga wa ngano uwe gundi, utie matone ya mafuta ya karafuu ili ukungu usiuvamie. Majani makavu ya mgomba yatoe ardhi na mashina, maana yana rangi za kahawia zisizofanana. Panga kila kitu kabla hujagundisha. Wavu wa jani uweke mwisho, juu ya sehemu nyeusi, la sivyo hautaonekana.

Wapo wasanii wasiotaka kusimamisha kuoza kabisa. Andy Goldsworthy, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1956 na anayeishi Uskoti, huunganisha majani kwa miiba na vikonyo, bila gundi, akayaacha hapo hapo msituni au mtoni. Upepo na maji humaliza kazi. Kinachobaki ni picha aliyoipiga kwa kamera. Mimi nadhani kazi hiyo inahitaji moyo, lakini jaribuni nanyi: tengenezeni moja ya kutunza na moja ya kuacha uani, muipige picha kila Jumamosi.

Jambo moja tu la haraka. Katika shule nyingi majani hufagiliwa asubuhi na mapema yakachomwa moto. Mwombeni anayefagia awaachie rundo moja chini ya mti.